Jinsi ya kuitambua kretiki na kuiandika mwenyewe: mguu wa ndefu, fupi, ndefu

Ukisoma ushairi wa Kiingereza shuleni au chuo utakutana na iambi (fupi, ndefu) kila kona, trokei (ndefu, fupi) kidogo, anapesti (fupi, fupi, ndefu) na daktili (ndefu, fupi, fupi) kwa mbali, afu basi. Kuna mguu mmoja ambao mwalimu huutaja kwenye orodha na kuupita hapohapo, na ndo huo nataka tuukalie leo: kretiki. Silabi tatu, ndefu, fupi, ndefu. Wengine wanauita amfimakro, ni kitu kilekile. Kwa Wagiriki wa kale ulikuwa mguu wa kuchezea, wa kukimbilia jukwaani, wa kumwimbia mungu wao Apollo, ila kwenye Kiingereza ni adimu kiasi kwamba wapo wataalamu wanaosema haupo kabisa. Mimi naamini upo, na naamini mtu anayeongea Kiswahili kila siku anaweza kuusikia haraka sana kama ataanza na sikio kabla ya kushika kalamu, kwahiyo tunaanza na sikio.

Kwa asiyejua, mguu ni kipande kidogo cha mapigo kinachojirudia ndani ya mshororo. Sisi kwenye mashairi yetu tunahesabu mizani, nane kwa nane, na tunabana vina vya kati na vya mwisho, lakini silabi ipi nzito na ipi nyepesi hatuihesabu, mradi idadi imetimia. Wagiriki walikuwa upande wa pili kabisa, vina hawakuvijali, uzito wa silabi ndo ulikuwa kila kitu. Ukilijua hilo tu, nusu ya ugumu imeisha.

Hatua ya kwanza: ukamate mdomoni

Usianze na Kigiriki. Tamka kwa sauti, sio kichwani, hivi: nyeupe pe. Nyeusi ti. Kaanguka pu. Kafunga ndi. Sasa sikiliza silabi tatu za mwisho za kila moja: U-pe-PE, U-si-TI, NGU-ka-PU, FU-nga-NDI. Nzito, nyepesi, nzito. Hiyo ndo kretiki, umekuwa ukiitamka tangu mdogo.

Na kuna sababu ya kwenda kuitafuta kwenye maneno ya aina hii na sio kwingine. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo neno la silabi tatu karibu lote linatoka nyepesi, nzito, nyepesi: kitabu, safari, habari, karibu. Mguu huo nao una jina, amfibraki, na ni kinyume kamili cha kretiki. Yaani lugha yetu imejaa amfibraki mpaka pomoni, na kretiki inatokea pale tu neno linapofuatwa na kijineno cha silabi moja ambacho kimebeba mkazo wake chenyewe, na vijineno hivyo ni hawa kina pe, ti, pu, ndi, pamoja na tu, je, la. Wako wachache ila wanatosha kabisa kufundishia sikio.

Sasa rudia mmoja mfululizo bila kupumzika: funga ndi funga ndi funga ndi. Pale ndi inapokutana na fu ya pili, unasikia nzito mbili zimegongana, hakuna nyepesi ya kuzitenganisha? Shika hapo, usipaachie. Hilo gongano ndo alama kubwa ya kretiki na tutalirudia mbele tukifika kwenye Kiingereza, ndo litaamua ugomvi.

Hatua ya pili: piga meza mapigo matano

Kwa Wagiriki silabi ndefu ilikuwa ndefu kwelikweli, suala la muda, sio suala la kusisitiza sauti. Hesabu ya kawaida ni kwamba ndefu moja inachukua muda wa fupi mbili. Kwahiyo kretiki ni mbili, moja, mbili, jumla tano. Weka kiganja mezani uhesabu: moja-mbili, tatu, nne-tano, moja-mbili, tatu, nne-tano. Muziki mwingi tunaousikia redioni unaenda kwa nne, mwingine kwa tatu, kwahiyo mwanzoni mkono utataka kuongeza pigo la sita ili upumzike, usiukubalie. Kaa nayo mpaka tano ianze kujiendesha yenyewe, hata kama ni jioni nzima.

Hii tano ndo inaipa kretiki tabia yake. Ukiugawa mguu mara mbili unapata tatu upande mmoja na mbili upande mwingine, haulingani kama daktili ambayo ni mbili kwa mbili, wala sio mbili kwa moja kama iambi. Aristotle kaliongelea hili kwenye kitabu cha 3 cha Rhetoric, anasema mahadhi ya kishujaa, yale ya daktili, ni moja kwa moja, iambi na trokei ni mbili kwa moja, afu huu wa jamii ya peani (mguu wa ndefu moja na fupi tatu, tutaufikia mbele), ambayo kretiki ni ndugu yake, uko katikati, tatu kwa mbili, na ndo maana yeye aliwashauri waandishi wa hotuba wautumie, kwasababu una mwendo lakini msikilizaji hashtuki akaona unamwimbia wimbo.

Jina lenyewe linatokana na kisiwa cha Krete. Mapokeo ya Wagiriki wenyewe yanamtaja Thaletas wa Gortyn, mtu wa Krete, kuwa ndiye aliyepeleka mahadhi haya Sparta pamoja na nyimbo na ngoma zake. Krete kwa Wagiriki ilisifika kwa kucheza, na ukishapiga tano mezani kwa muda utaelewa kwanini mguu huu umeunganishwa na ngoma.

Hatua ya tatu: jua silabi ipi ni ndefu

Hapa wengi wanakimbia na hakuna sababu, kanuni zenyewe ni chache. Silabi ya Kigiriki ni ndefu kama irabu yake ni ndefu kwa asili, mfano ē na ō, au kama ni irabu mbili zilizoungana, mfano ai, oi, eu, ou. Pia ni ndefu kama irabu yake ni fupi lakini inafuatwa na konsonanti mbili, kwasababu ya kwanza inabaki kuifunga silabi na ya pili inaanza silabi inayofuata. Vingine vyote ni fupi. Vitu vitatu vya kukumbuka: x inahesabika konsonanti mbili maana ni ks, wakati ph, th na kh ni herufi moja tu ya Kigiriki kila moja, na h ya mwanzo wa neno haihesabiki kabisa. Na kubwa kuliko yote, mipaka ya maneno haina maana, unasoma mshororo mzima kama neno moja refu, konsonanti ya mwisho wa neno inahamia kwenye irabu inayoanza neno linalofuata.

Mshororo mzuri wa kuanzia upo kwenye tamthilia ya Aeschylus, Supplices, ya karne ya 5 KK. Mabinti wa Danaos wamekimbia kutoka Misri wamefika Argos, wanamwomba mfalme awape hifadhi, wanaimba:

phrontison kai genou pandikōs eusebēs proxenos

Maana yake kwa ufupi, fikiri, uwe mlinzi wetu kwa haki yote na kwa uchaji. Tuutembelee pole pole. Phron, irabu fupi lakini n na t zinaifuata, ndefu. Ti, fupi. Son, irabu fupi ila n inakutana na k ya kai, ndefu. Kai ndefu, ge fupi, nou ndefu. Pan ndefu, di fupi, kōs ndefu. Eu ndefu, se fupi, bēs ndefu. Prok ndefu kwasababu ya ile x, se fupi, nos ndefu maana neno linalofuata linaanza na t. Kretiki tano zimepangana, na uzuri wake ni kwamba kila mguu unaishia pale neno linapoishia, kwahiyo mtu anayeanza haumpotezi. Upigie meza. Watu wamekimbia, wana hofu, wanabembeleza, na kila ombi linapiga hatua mbili nzito na moja nyepesi, mi naona hakuna mguu mwingine ungefanya kazi ile vizuri vile.

Hatua ya nne: upeleke mbio

Sasa mshororo mgumu zaidi, na kwangu huu ndo bora kuliko yote ninayoijua ya mguu huu. Unatoka kwa Aristophanes, vichekesho vyake vya Acharnians vilivyochezwa Athens mwaka 425 KK. Waimbaji ni wazee wa Acharnae, kitongoji kilichojulikana kwa uchomaji mkaa, wanamkimbiza mtu aliyeleta mapatano ya amani na Sparta, wao hawataki amani, wanataka kulipiza mashamba yao yaliyoharibiwa. Jamaa kawakimbia. Wanasimama wanahema:

ekpepheug', oikhetai phroudos. oimoi talas tōn etōn tōn emōn

Ametoroka, kaenda, hayupo tena, ole wangu kwa miaka hii yangu. Kuipima, unganisha maneno kwanza: ek-pe-pheu, goi-khe-tai, phrou-do-soi, moi-ta-las, tōn-e-tōn, tōn-e-mōn. Kretiki sita safi. Ona mtego ulipo: neno phroudos ukilitazama peke yake utadhani dos ni ndefu kwasababu imefungwa na s, lakini neno linalofuata linaanza na irabu, kwahiyo s inaondoka inaenda kwa oi, do inabaki fupi na mguu unakaa sawa. Vilevile g ya ekpepheug' imekatwa irabu yake ikahamia mbele. Asilimia kubwa ya makosa ya kupima Kigiriki yanatokea hapa, mtu anapima neno mojamoja badala ya kupima mkondo.

Afu wazee wanaanza kukumbuka ujana:

ouk an ep' emēs ge neotētos, hot' egō pherōn anthrakōn phortion

Ujanani mwangu isingekuwa hivi, enzi nilipokuwa nabeba mzigo wa mkaa na bado nakimbia sambamba na Phayllos. Huyo Phayllos alikuwa mwanariadha maarufu. Pima: ou-ka-ne-pe, mēs-ge-ne-o, tē-to-so-te, gō-phe-rōn, an-thra-kōn, phor-ti-on. Miguu mitatu ya mwanzo ina silabi nne! Ndefu moja afu fupi tatu. Usishtuke, hesabu muda: mbili, moja, moja, moja, bado ni tano. Kilichotokea ni kwamba ndefu ya mwisho ya kretiki imevunjwa ikawa fupi mbili, na mguu huo ndo unaitwa peani ya kwanza. Ukivunja ndefu ya mwanzo badala ya ya mwisho unapata fupi tatu na ndefu moja, hiyo ni peani ya nne. Aristotle alipendekeza ile ya kwanza itumike kufungulia sentensi na hii ya nne kufungia, maana ndefu ikiwa mwisho msikilizaji anajua umefika. Na ile silabi ya mwisho ya phortion isikusumbue, mwisho wa mshororo fupi inaruhusiwa kukaa kwenye nafasi ya ndefu.

Lakini rudi uisome mishororo hiyo miwili kwa sauti, moja baada ya nyingine. Wakilalamikia uzee, kretiki nzima nzima, nzito, kila mguu unaburuzwa. Wakifika kwenye neno la ujana, emēs ge neotētos, ndefu zinavunjika na silabi zinaanza kukimbia, tatatata, afu wakifika kwenye mzigo wa mkaa zinarudi nzito. Muda wa mpigo haujabadilika hata kidogo, bado ni tano kwa tano, ila umesikia mwili wa mtu ndani ya mguu. Ndo maana nasema kretiki sio kitu cha kukariri kwenye orodha, ni kitu cha kutumia.

Hatua ya tano: usikie ukiimbwa

Bahati nzuri tunao ushahidi wa muziki wenyewe. Mwaka 1893 wanaakiolojia wa Ufaransa waliokuwa wanachimba Delphi walipata tenzi mbili za kumsifu Apollo zilizochongwa kwenye ukuta wa Hazina ya Waathene, na juu ya maneno kuna alama za noti. Moja ni ya Limenius na nyingine kwa kawaida inatajwa kuwa ya Athenaios, ni za karne ya 2 KK, na mahadhi ya sehemu kubwa yake ni kretiki na peani, tano tano. Pale silabi moja ilipoimbwa kwa noti mbili mchongaji karudia irabu, jina Phoibon kwa mfano limeandikwa Phoioibon. Wanamuziki wa leo wamezirekodi sana, zitafute mtandaoni kwa jina la tenzi za Delphi, sikiliza huku mkono uko mezani. Mawe yameharibika sehemu kadhaa kwahiyo utasikia tofauti kati ya rekodi na rekodi, ila ile tano huikosi.

Kama uliwahi kusoma arudhi ya Kiarabu, yaani elimu ya vipimo vya ushairi, hata juu juu, una njia nyingine ya kuisikia. Kifungu faailun kwenye vipimo vya al-Khalil, mwasisi wa elimu hiyo, ni ndefu, fupi, ndefu vilevile. Bahari (yaani kipimo) ya Mutadarik imejengwa kwa faailun mfululizo, na kwenye Basiti, bahari ya Burda inayosomwa kwenye maulidi pwani yetu yote, faailun inapokezana na kifungu kingine, mustafilun, japo kwenye Burda yenyewe mara nyingi ile ndefu ya kwanza inafupishwa ikawa failun. Sisemi Waarabu walichukua kwa Wagiriki, nasema tu sikio ambalo limekaa kwenye maulidi miaka yote halianzi sifuri.

Kwanini basi mguu mzuri hivi ukawa adimu? Sababu moja ni tenzi kubwa. Homer na waliomfuata walitumia heksamita, mshororo wa miguu sita ambao umejengwa kwa daktili na spondei (ndefu mbili), na ndani yake fupi moja iliyobanwa na ndefu mbili haina pa kukaa. Neno lenye umbo la kretiki haliingii kabisa. Warumi walipata shida hii kwenye neno la kawaida sana kwao, imperator, maana im-pe-rā inafanya kretiki, ikabidi washairi wao Ennius na baadaye Lucretius waandike induperator ili lipite. Kwahiyo kretiki ikabaki kwenye ngoma, kwenye vichekesho, kwenye nyimbo za Plautus, mwandishi wa vichekesho wa Kirumi, na kwenye hotuba, ambako msemaji wao Cicero aliipenda sana kwenye kufunga sentensi, kretiki moja ikifuatwa na trokei. Ile tamati yake ya maneno ya Kilatini esse videatur ni hiyohiyo ikiwa imevunjwa ndefu moja, na aliirudia mpaka watu wa baadaye wakaitolea mfano.

Hatua ya sita: Kiingereza, na ugomvi wake

Kwenye Kiingereza muda wa silabi hauhesabiki, kinachohesabika ni mkazo. Kwahiyo ndefu inageuka yenye mkazo, fupi inageuka isiyo na mkazo, na kretiki inakuwa mkazo, hakuna, mkazo. Mifano ipo kwenye maongezi ya kila siku: day and night, face to face, nightingale, crocodile. Hizi mbili za mwisho mkazo wa silabi ya tatu ni mdogo kuliko wa kwanza ila upo.

Mshairi wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge aliandika shairi fupi la kumfundisha mwanawe miguu, kila mguu unaelezwa huku ukionyeshwa, na zamu ya kretiki inasema "First and last being long, middle short, Amphimacer", afu anaufananisha na farasi wa mbio mwenye kwato zinazonguruma. First and last ni kretiki, middle short ni kretiki, ila mshororo mzima hauwezi kushikilia mguu huo mpaka mwisho, na hilo lenyewe linakuonyesha Kiingereza kinavyopata tabu nao.

Aliyeweza kuushikilia ni mshairi mwingine wa Kiingereza, Tennyson, kwenye The Oak, 1889, akiwa na miaka 80. Mishororo 15, beti tatu za mishororo mitano, na kila mshororo ni kretiki moja peke yake:

Live thy Life,
Young and old,
Like yon oak,
Bright in spring,
Living gold;

Soma zote 15 uone kama kuna inayokosea. Ipo moja tu ya kuangalia, "Soberer-hued", ina silabi nne, na hapo ama unameza moja unasema sob'rer, ama unaacha fupi mbili katikati, mi nameza. Zingine zote ni silabi tatu kamili, na ubeti wa mwisho, "Trunk and bough, Naked strength", mti umebaki shina na matawi na mshororo nao umebaki mifupa mitupu.

Sasa ugomvi. Wanaokataa wanasema "Live thy Life" ni trokei mbili ambazo ya pili imekatwa mkia, basi, hakuna haja ya jina la Kigiriki. Hoja yao ina uzito na huwezi kuijibu kwa mshororo mmoja, maana ukiwa peke yake vyote viwili vinafanana kabisa. Ili uamue fanya hivi. Kwanza angalia shairi zima, je kuna mahali mshairi anairudisha ile silabi iliyokatwa? Akiirudisha hata mara chache, ujue kichwani kwake ilikuwepo, hiyo ni trokei. Pili soma mishororo miwili pamoja bila kujilazimisha, usikilize kati yao. Kama mdomo unasubiri pigo moja jepesi kabla ya kuanza mshororo wa pili, ni trokei iliyokatwa. Kama mkazo wa mwisho unagongana na mkazo wa mwanzo moja kwa moja, lile gongano la ndi na fu, ni kretiki.

Jaribu na William Blake, shairi la Spring kwenye Songs of Innocence la 1789: "Sound the Flute! Now it's mute. Birds delight Day and Night." Kwa mishororo hiyo utaapa ni kretiki. Lakini ubeti unafungwa na mshororo mrefu, "Merrily, Merrily, to welcome in the Year", ambao unaenda kwa mapigo mengine kabisa, na ni wimbo wa mtoto, unaimbika kwa nne bila shida, na ukiimba kwa nne ile nafasi tupu mwisho wa kila mshororo inajitokeza yenyewe. Kwangu Blake ni trokei iliyokatwa na Tennyson ni kretiki, kwasababu Tennyson hatoi nafasi hata moja, kuanzia mshororo wa kwanza mpaka wa 15 hajawahi kuifungua. Wapo watakaokupinga, wasikilize, ila waambie wapige meza.

Na usichanganye na majirani. Ukisikia fupi mbili katikati ya ndefu mbili, hiyo ni koriambi. Ukisikia fupi kwanza afu ndefu mbili, ni bakio. Ndefu tatu mfululizo ni moloso, na hii ndo inayowadanganya wengi kwenye Kiingereza, mtu anaandika "big dog barks" anadhani ni kretiki kumbe neno la katikati nalo limebeba mkazo wake.

Hatua ya saba: andika yako

Kwa Kiingereza fomula ni rahisi. Chukua neno la silabi moja lenye maana kamili, jina au kitenzi, weka katikati kijineno chepesi kama and, at, the, in, afu funga na neno lingine la silabi moja lenye maana. Au neno la kwanza liwe na silabi mbili, mkazo ukiwa kwenye ile ya mwanzo, kama Tennyson na naked strength, au la mwisho liwe na mkazo mwishoni. Mfano nimeutunga hapa hapa:

Wind at night,
door ajar,
lamp alight,
not too far.

Ukimaliza soma ukitafuta mishororo ambayo katikati pamekuwa pazito. Hiyo too yangu iko karibu na mpaka, mtu akiisisitiza tu kretiki imekufa, kwahiyo ukitaka usafi zaidi weka kitu chepesi kuliko hapo. Na usiandike mishororo mirefu mwanzoni, kretiki tatu kwenye mshororo mmoja wa Kiingereza zinachosha kinywa kwasababu ya yale magongano, ndo maana Tennyson kaweka moja moja.

Kwa Kiswahili muda wa irabu hautofautishi maneno kama ilivyokuwa kwa Wagiriki, kwahiyo tunafuata mkazo kama Waingereza. Neno la silabi mbili, afu kijineno chenye mkazo. Hivi:

Giza ti,
funga ndi,
kaa tu,
embe pu!

Vina nimeviweka kwasababu ni vyetu na sikio letu linavitaka, Mgiriki asingeviweka. Kumbuka kaa ni silabi mbili, ka-a, usiivute ikawa moja. Kazi ngumu ni kwamba vijineno vya kufungia ni vichache, ukiandika beti tatu utakuwa umevimaliza, na kurudia pe na ti kila mara kunageuza shairi kuwa mchezo wa watoto. Njia moja ya kutoka ni kuchanganya, mshororo wa mizani nane wa kawaida ubebe habari, afu mshororo wa mwisho wa ubeti uwe kretiki moja tu, kama kishindo. Kwahiyo unaandika utakavyo kwa nane nane, na kwenye kituo unadondosha "moja tu", au "sema la", au "giza ti". Kituo kifupi cha namna hiyo kinabana kuliko kirefu, na msikilizaji anasikia nzito mbili bila kujua kwanini zimemgonga.

Ukishaweza hayo, rudi kwa Aeschylus uchukue maneno yanayofuata baada ya proxenos, ombi la mabinti wale kwamba mkimbizi asisalitiwe: tan phugada mē prodōs. Yapime mwenyewe. Ni miguu miwili, mmoja wapo umevunjwa, na ukipiga meza vizuri utajua ni ndefu ipi imevunjwa na peani ipi imetoka.